MGB ya 1969: nirudishe themostati ya nyuzi ngapi?

Bakari_MGB
Wakuu, heshima kwenu. Nina gari, MGB ya 1969, injini ya 1798 cc, niliyoachiwa na marehemu baba. Mwaka juzi ilichemsha, fundi akang'oa themostati, ule mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa baridi, akaitupa, akasema haina kazi. Tangu siku hiyo asubuhi mshale wa joto hauvuki robo ya geji, choki (ile ya kuzidisha petroli injini ikiwa baridi) siirudishi mpaka niwe nimetembea kilomita saba hivi, na plagi zinatoka nyeusi tii. Juzi nimechomoa kijiti cha oili nikakinusa: petroli. Halafu nikipanda mlima mrefu mchana, mshale uleule unakimbilia juu! Nataka kuirudisha. Nimeona za 74, 82 na 88. Moyo unanituma 74, maana naogopa ichemshe tena.

MzeeSpana
Pole kwa baba, mwanangu. Weka 82.

Namba iliyogongwa pale ni joto ambalo mlango unaanza kufunguka, si joto ambalo injini itaishia. Ndani mna kidonge cha nta. Nta ikipata moto inavimba, inasukuma pini, mlango unaachia. Ya 82 inaanza hapo, ikiwa wazi kabisa umeshapita 90. Zikishafunguka zote, ya 74 haipitishi maji mengi kuliko ya 82. Sasa wewe unachemsha mlimani na mlango wenyewe haupo. Wa 74 utakuongezea nini? Angalia rejeta, feni na taimingi (wakati plagi zinapotoa cheche). Ya 88 waachie wenye baridi kali.

Hiyo petroli kwenye oili isikupite hivihivi. Silinda ikiwa baridi, mafuta hayageuki mvuke yote, yanateremka ukutani yanaosha oili, na ringi zinasugua chuma kikavu. Mwaga oili hiyo leo, usingoje themostati.

Na hata ukinunua mpya, ipime. Sufuria ya maji, kipimajoto, themostati ining'inizwe kwa uzi isiguse chini, kwa sababu chuma cha chini kina moto kuliko maji. Mimi nimeshapata mpya kabisa isiyofunguka hata maji yakitokota.

DadaKabureta
Naunga mkono 82. Ila kazi yenyewe ni kufungua kile kifuniko. Kimeshikwa na studi tatu (boliti zisizo na kichwa), alumini na chuma vimeshaoana kwa kutu. Nyunyiza mafuta ya kulegeza, uache usiku kucha, kisha ugonge pembeni kwa nyundo ya mbao, taratibu. Usichokonoe kwa bisibisi, kitapasuka. Ukifunga, kidonge cha nta kiangalie injini, na kama kuna kitundu chenye pini inayocheza, kiwe juu ili hewa itoke. Gasketi mpya, tafadhali.

Mzazi_wa_XK
Nyongeza kwa wengine watakaosoma: namba peke yake haitoshi. Jaguar yangu yenye injini ya XK inataka themostati yenye mkono chini yake, unaoziba njia ya maji ya mzunguko mfupi injini ikishapata moto. Niliuziwa ya kawaida, kipenyo sawasawa, namba sawasawa. Maji mengi yakawa yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Nimehangaika miezi mitatu nikibadilisha vitu vizima. Ilinganisheni na ya zamani mkononi kabla ya kulipa.

Bakari_MGB
Nimerudi wakuu. Ya 82 nimeipima: ilianza kuachia kipimajoto kikisoma 83. Kifuniko kilichukua siku mbili, studi zote zimepona. Mzee, nilipoigusa rejeta injini ikiwa moto, juu pananiunguza, chini kulia kiganja kinakaa bila shida. Nimeitoa na kuimwagia maji kinyumenyume, limetoka tope jekundu kama la mfinyanzi. Asubuhi hii choki nimerudisha kabla ya kilomita ya pili. Mlima nitaujaribu Jumamosi, nikishamwaga oili.

MzeeSpana
Bloku, yaani mwili wa injini, nayo ioshe, mwanangu. Tope hilo halikuzaliwa kwenye rejeta.