Baa ya kizamani bandarini: maoni ya wateja ni nusu kwa nusu, niamini upande upi?

Mtoto wa Ngamiani (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nipo Bristol, Uingereza, miaka mingi sasa. Kuna baa moja ya kizamani ukingoni mwa bandari ya zamani, zile zenye boriti nyeusi darini, meko ya kuni na sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga. Jina nalihifadhi. Nimesoma maoni ya wageni mtandaoni mpaka kichwa kinauma. Huyu anatoa nyota tano: baa halisi, bia safi, wahudumu wachangamfu. Anayefuata nyota moja: tumekaa nusu saa hakuna aliyetufuata, bia ya moto, choo kiko huko juu ngazi zinakatisha pumzi, mbwa kalala chini ya meza. Wiki hiyohiyo, baa hiyohiyo!
Mimi nikienda jioni nakaa dirishani naangalia maji yanavyokupwa, sioni tatizo lolote. Sasa naombeni ushauri: ukikuta maoni yamegawanyika namna hii unaamini upande upi? Wenye matusi piteni mbali.

Mla Mishkaki
Nimewahi siti ya mbele. Kitimoto ipo? Kama haipo nyota zote hizo ni batili.

Dada wa Chumbageni
Kaka, nimefanya kazi ya kaunta Southampton, ngoja nikusaidie kuchambua. Hao wa "hakuna aliyetufuata" ni watalii. Baa za Waingereza za asili hufuatwi mezani. Unakwenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa papo hapo, na kama ni chakula unataja namba ya meza. Mtu kakaa kama yuko hotelini Sinza anasubiri apigiwe saluti, akitoka anaandika nyota moja.
La pili, bia ya moto. Ile ni bia ya pipa, inachachukia humohumo kwenye pipa, inatunzwa stoo ya chini kwenye nyuzijoto kama 11 hadi 13 na inavutwa kwa pampu ya mkono. Haijatengenezwa kunywewa na barafu. Aliyezoea Kilimanjaro ya friji iliyoganda lazima alalamike.
Kwa hiyo hayo mawili yafute. Yanayobaki ni choo, vyombo na jikoni, hayo ndiyo yasome, tena uangalie tarehe. Kisha tafuta alama ya usafi wa chakula, inaanzia 0 hadi 5. England halazimishwi mtu kuibandika mlangoni, ila mtandaoni iko wazi. Baa yenye 5 huwa wanaibandika hata kwa gundi ya unga.

Shehe Mstaafu
Kijana, umevuka bahari zote hizo uje utuulize habari za baa? Bristol mji uliotajirika kwa kusafirisha watumwa. Juzi tu, 7 Juni 2020, wenyewe kwa wenyewe wameliburuta sanamu la Colston mfanyabiashara wa watumwa wakalitosa kwenye bandari hiyohiyo unayokaa kuitazama. Badala upate mazingatio, wewe unahesabu nyota za pombe. Mimi ushauri wangu tafuta msikiti ulio karibu.

Mla Mishkaki
Shehe umeusoma uzi wa baa mpaka choo kilipo 😂

Mzee wa Kivuko
Maoni ya wateja hayana maana. Nilikuwa na baa Kigamboni, si mbali na feri. Mwezi wa kwanza kila mtu "mzee umetuokoa, tulikuwa tunavuka mpaka Posta kutafuta pa kukaa". Sifa tupu. Kumbe anayekusifu sana ndiye anayeandikisha kwenye daftari. Nilikuwa na daftari la mkopo nene, lenye majina mpaka ya mjumbe wa mtaa. Siku nafunga nilikwenda kwa mmoja kudai, mke wake akatoka na mtoto mgongoni akaniuliza "hiyo bia aliyokunywa na mimi niliionja?" Nikaondoka. Freezer niliuza kwa muuza samaki, mpaka leo nikipita naiona, anaipaka rangi kila mwaka.

Dada wa Chumbageni
Pole mzee. Lakini mleta uzi, nina swali. Mtu anayekwenda kunywa glasi moja anasoma maoni mawili matatu basi. Wewe umesoma mpaka kichwa kinauma. Kuna jambo hujalisema.

Mtoto wa Ngamiani
Hapana dada, ni udadisi tu.

fundi_bomba
Udadisi wa usiku wa manane huo. Mkuu, sema unataka kuoa mhudumu.

Mtoto wa Ngamiani
Haya. Nataka kuichukua mimi. Si kuinunua, kuipanga. Jengo ni la kampuni, mpangaji aliyepo ni mzee anastaafu, juu kuna chumba cha kuishi. Nimeshatoa kishika uchumba ili wasimpe mtu mwingine. Kozi ya leseni ya kuuza pombe nimemaliza, ilikuwa ya siku moja tu, na maombi ya leseni binafsi ni pauni 37, nimelipa. Ndiyo maana nauliza habari za maoni. Nusu wakiwa wanaipenda maana yake mimi natakiwa kuvuta tu ile nusu nyingine. Hesabu nyepesi.

Mla Mishkaki
Uzi sasa ndiyo umeanza. Leteni karanga.

fundi_bomba
Aisee. Mimi nipo Cardiff, nafanya matengenezo kwenye baa za kupangisha, nimeingia stoo za chini nyingi mno. Naomba unijibu mambo mawili bila kuzunguka. Moja, mkataba unakulazimisha kununua bia kwa kampuni? Mbili, matengenezo ya jengo ni juu ya nani?

Mtoto wa Ngamiani
Bia ni kwao ndiyo, lakini kodi yao ya pango iko chini. Matengenezo tumekubaliana vizuri.

fundi_bomba
"Vizuri" si jibu. Imeandikwaje?

Mtoto wa Ngamiani
Mpangaji anatengeneza ndani na nje. Pamoja na paa. Lakini paa nimeliangalia, halina shida.

fundi_bomba
Umeliangalia ukiwa wapi, dirishani?
Sikiliza. Kodi ikiwa chini na bia ni lazima ununue kwao, faida wanaichukulia kwenye pipa. Bei wanapanga wao, na jirani yako asiyefungwa na mtu ananunua pipa hilohilo kwa bei ya chini kuliko wewe. Ukienda kuchukua pipa kwa mwingine, umevunja mkataba. Tangu 2016 kuna kanuni za kumlinda mpangaji, nyakati fulani, mfano wakati wa kupitia upya kodi, unaweza kudai mkataba wa kodi ya soko bila kulazimishwa bia. Ila kanuni hizo zinazibana kampuni zenye baa 500 na zaidi za mtindo huo. Kampuni yako ikiwa ndogo, uko peke yako.
Na jengo la zamani namna hiyo mara nyingi liko kwenye orodha ya kuhifadhiwa. Dirisha likioza hubandiki la plastiki, utaomba kibali na utatafuta seremala anayejua kuchonga lile la kale. Nimeona kiunzi cha dirisha kimeoza, nikibonyeza kwa kidole gumba kinadidimia, juu yake rangi inang'aa kama jana. Mteja aliyekaa pale aliandika "mandhari ya kuvutia".

Mtoto wa Ngamiani
Lakini wateja wapo. Kiangazi pale bandarini watu wamejaa mpaka wanakaa ukutani miguu ikining'inia juu ya maji.

fundi_bomba
Julai wapo, Tamasha la Bandari, nakubali. Ile bandari meli za mizigo ziliacha mwaka 1975, zikabaki Avonmouth, huko mto Avon unapoingia baharini. Wateja wako si mabaharia, ni wanaokuja kuangalia SS Great Britain, ile meli ya kale iliyofanywa makumbusho, na wanafunzi. Januari mvua ya ubavu, wanafunzi wana mitihani, nusu ya Waingereza wametangaza kuacha pombe mwezi mzima. Utamuuzia nani, yule mbwa?

Dada wa Chumbageni
Na hela ya kishika uchumba umetoa wapi, kaka? Hapo sijakuelewa.

Mtoto wa Ngamiani
Tuliuza kiwanja cha marehemu mzee, Bunju.

Dada wa Chumbageni
"Tuliuza" ni wewe na nani?

Mtoto wa Ngamiani
Mimi na mdogo wangu wa kike, yuko Tanga. Fungu lake ninalo mimi kwa muda, kwa sababu aliniambia nimtunzie mpaka atakapoanza msingi. Anajua kuna biashara. Hajui yote. Atarudishiwa kabla ya Krismasi, na faida juu. Kwanza akikaa nazo kule zitaisha kwenye vikoba na sare za harusi, wanawake mnajuana.

Dada wa Chumbageni
Heee! Sisi wa vikoba daftari linasomwa mbele ya wote kila wiki na kisanduku kina kufuli tatu. Wewe daftari lako kalisoma nani?

Shehe Mstaafu
Hapa sasa tumefika kwenye mirathi. Niliwaambia. Fungu la ndugu yako ni amana, hata ungefungulia duka la tende.

Mzee wa Kivuko
Mimi freezer ilikuwa ya shemeji.

Mchunguzi Huru
Wakuu mnajichosha, hii ni chai. Nimekaa Bristol. Mleta uzi kasema anakaa dirishani anaangalia maji yanakupwa. Bandari ile haikupwi wala haijai! Walijenga malango ya maji wakaifunga mwaka 1809, maji yamesimama pale zaidi ya miaka mia mbili, ndiyo sababu meli zilikuwa hazikai tena kwenye matope. Huyu yuko Mbagala kafungua ramani. Mods futeni.

Mla Mishkaki
Chai yenye tangawizi. Mimi nilishatenga na vitumbua.

Mzee wa Kivuko
Mchunguzi usikurupuke. Kabla ya baa nilikuwa baharia, Avonmouth nimeingia. Pale mlangoni maji kupwa na kujaa yanapishana zaidi ya mita 12, Dar haifiki hata 5. Meli inapanda na kushuka huku unaiona. Sasa walipoifunga bandari, mto ulihitaji pa kupita, wakauchimbia njia mpya upande wa kusini. Ile njia inakupwa mpaka leo, matope matupu.

Mtoto wa Ngamiani
Asante mzee! Baa iko kwenye ile ardhi nyembamba katikati, Spike Island. Mlango wa mbele unaangalia bandari, mimi nakaa dirisha la nyuma. Mchunguzi, kama umekaa Bristol ulikaa kwenye basi.

Mchunguzi Huru
Weka picha.

Mtoto wa Ngamiani
Nikiweka picha si mtaijua baa? Kampuni wakiona wataghairi.

Mchunguzi Huru
Hahaa. Nilisema.

fundi_bomba
Mimi hata ikiwa chai nainywa, maana ninawajua watu waliopigwa hivihivi. Mleta uzi, kabla hujagusa kalamu: mwombe yule mzee anayestaafu akuonyeshe hesabu zake za miaka kadhaa, si za kiangazi. Mlipe mkaguzi wa majengo apande kwenye paa mwenyewe, aandike hali yake na picha, ili siku ya kutoka usije kudaiwa uchakavu uliourithi. Kishika uchumba soma kama kinarudishwa. Mkataba upeleke kwa mwanasheria, tena asiwe yule aliyependekezwa na kampuni.

Dada wa Chumbageni
Na umpigie mdogo wako leo. Simu, si ujumbe.

Mtoto wa Ngamiani
Nashukuruni sana wakuu, yote nimeyapokea. Sasa tuachane na ya mdogo wangu, hayo ni ya kifamilia. Naomba ushauri mmoja: Jumapili wao hula nyama ya kuoka na viazi. Nikiongeza pilau na mishkaki pembeni, hawa wa nyota moja watarudi?

Mla Mishkaki
Mishkaki! Nyota tano. Nakuja na ndege ya kwanza.

fundi_bomba
Mtoto wa Ngamiani, unasaini lini?

Mtoto wa Ngamiani
Jumatatu saa nne asubuhi.

fundi_bomba
Jumatatu hii?

Mtoto wa Ngamiani
Ndiyo. Kwani wanasheria huku wanafungua saa ngapi?