Nationals mwezi Aprili: vijana wabaki, warushaji wa akiba wabadilishwe

Ujumbe wa kwanza, kutoka Silver Spring, 27 Aprili 2025

Ndugu wanajumuiya,

Nawasalimu nyote. Dada yetu wa kamati ya burudani aliuliza kama tununue sasa tiketi za kikundi kwa ajili ya mechi ya besiboli ya Julai pale Nationals Park, uwanja wa timu yetu ya Washington Nationals, au tusubiri kwanza tuone timu inaelekea wapi. Majibu mengi aliyoyapata ni yale yale ya kila mwaka: kwamba mwaka 2019 Nationals walikuwa wameshinda mechi 19 na kupoteza 31 hadi tarehe 23 Mei, watu wakakata tamaa, kisha timu ikamaliza ikiwa na ushindi 93 na kutwaa ubingwa mwezi Oktoba. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Naomba tu, kwa heshima, tusiitumie tena kujifariji, kwa sababu haifanani na hali ya timu tuliyo nayo.

Timu ile ya 2019 ilikuwa na Max Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin wakianza kurusha kwa zamu, huku Anthony Rendon na Juan Soto, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 20, wakipiga katikati ya orodha. Trea Turner alivunjika kidole tarehe 2 Aprili akiwa anajaribu kugusa mpira kwa fimbo, akakaa nje hadi katikati ya Mei. Aliporudi yeye na wenzake waliokuwa wameumia, timu ilirudi kuwa ile iliyopangwa tangu mwanzo. Ni kweli warushaji wake wa akiba, wale wanaoingia mwanzishaji akipumzishwa, walikuwa taabani, na Trevor Rosenthal aliachwa Juni baada ya kushindwa kumtoa mpigaji hata mmoja katika mechi zake za kwanza. Lakini kocha Dave Martinez alikuwa na mahali pa kuuficha udhaifu huo: ilipofika Oktoba aliwatumia waanzishaji wake kama akiba. Katika mchezo wa saba wa fainali kule Houston, Corbin aliingia katikati ya mechi na kurusha zamu tatu, kisha Daniel Hudson, aliyepatikana siku ya mwisho ya Julai, akamaliza kazi.

Mwaka huu Martinez hana pa kuuficha. MacKenzie Gore ni mrushaji hodari, na Mitchell Parker ameanza vizuri, lakini hao wawili hawawezi kubeba zamu zote tisa kila wanaposhika mpira. Mliokuwa uwanjani tarehe 27 Machi mliona wenyewe. Gore alirusha zamu sita dhidi ya Philadelphia, akawatoa wapigaji 13 kwa straiki tatu kila mmoja, akaruhusu pigo moja tu. Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Kisha akapumzishwa, geti la warushaji wa akiba likafunguliwa, na muda si mrefu Bryce Harper na Kyle Schwarber, wote wawili waliowahi kuvaa jezi yetu, wakawa wameupeleka mpira nje ya uzio. Mechi iliisha zamu ya kumi, Phillies 7, Nationals 3. Niliwaona watu wakikunja makoti na kuelekea kituo cha Navy Yard kabla ya mwisho, na tangu siku hiyo hali hiyo imejirudia mara nyingi mno.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba tusibishane kuhusu kocha wala kuhusu vijana wanaopiga. Tatizo limeingia Desemba hadi Februari, wakati meneja mkuu Mike Rizzo alipojaza nafasi za akiba kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja ya warushaji wakongwe kama Lucas Sims na Jorge López. Kyle Finnegan, ambaye ndiye pekee anayemalizia mechi bila kututia presha kubwa, waliamua kumwacha Novemba, kisha wakamrudisha Februari wakati soko la wachezaji limekwisha kukauka. Klabu iliyopanga vizuri haifiki hapo.

Wenu, wa Silver Spring

*

Jibu, kutoka Rockville, 27 Aprili 2025

Shikamoo Mzee,

Nakubaliana nawe kuhusu warushaji, na sitamtetea López, ambaye hivi majuzi kule Pittsburgh alitolewa na kisha kufungiwa kwa kurusha mpira karibu na kichwa cha mpigaji Andrew McCutchen. Ila umewapitia vijana kwa haraka mno. James Wood simgusi: ni mtoto wa hapa hapa Rockville, ana urefu wa mita mbili, na anaupiga mpira kwa nguvu ambazo hazijaonekana katika timu hii tangu Soto alipouzwa San Diego mwezi Agosti 2022, uhamisho ambao ndio uliotuletea Wood mwenyewe, Gore na CJ Abrams. Huyo amekwisha kulipa deni.

Wasiwasi wangu ni Dylan Crews. Alichaguliwa wa pili katika drafti ya 2023, pale klabu zinapochagua vijana kwa zamu, nyuma ya Paul Skenes ambaye walisoma naye chuo kimoja Louisiana, na kila mmoja wetu aliambiwa kwamba huyu yuko tayari. Ameanza msimu kwa taabu, anafukuza mipira ya nje inayokatika, na anahesabiwa straiki mapema. Kwa nini asipelekwe Rochester, timu yetu ya ligi ndogo, kwa majuma machache atulie, apige mbele ya watu wachache, kisha arudi? Kushushwa si aibu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisubiri katika ligi ndogo tangu 2008, akapandishwa na Pittsburgh tarehe 26 Aprili 2017 akiwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, akapata pigo katika jaribio lake la kwanza kabisa mbele ya mrushaji Jon Lester, na hata hivyo Juni akarudishwa chini. Nafasi yake yenyewe, wenzangu wa masuala ya uhamiaji mtaelewa, ilipatikana kwa sehemu kwa kuwa Mkorea Jung Ho Kang wa timu hiyo alinyimwa viza ya kazi msimu ule.

Halafu kuna nafasi ya mlinzi wa kona ya tatu ya uwanja. Paul DeJong amevunjika pua baada ya kupigwa na mpira usoni, na tunaziba pengo kwa kubahatisha huku kijana Brady House, anayecheza nafasi hiyo, akiwa Rochester. Ikiwa huu ni mwaka wa kujenga, House anasubiri nini?

Mama wa Rockville

*

Jibu, kutoka Hyattsville, 28 Aprili 2025

Shikamooni wazee wangu,

Mimi bado mgeni katika mchezo huu, nimeanza kuufuatilia kwa sababu kazini hawazungumzi kingine kuanzia Machi. Naomba kuuliza: ikiwa warushaji hao wakongwe ni wabovu kama mnavyosema, kwa nini wao wasipelekwe Rochester, na badala yake anatajwa kijana? Nyumbani mchezaji akishuka kiwango anakaa benchi, yamekwisha.

*

Jibu, kutoka Silver Spring, 28 Aprili 2025

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo kiini cha jambo lote, kwa hiyo nitaanza nalo.

Kikosi cha mechi kina wachezaji 26, lakini klabu ina orodha pana ya wachezaji 40 ambao haki zao imezishika. Kijana aliye katika orodha hiyo anaweza kupandishwa na kushushwa bila kuulizwa kwa misimu mitatu. Mchezaji aliyetimiza miaka mitano ya utumishi katika ligi kuu hawezi kushushwa bila ridhaa yake, naye Sims na López ni watu wa kundi hilo. Ukitaka kumwondoa mkongwe wa namna hiyo, huna budi kumtoa katika orodha ya 40 moja kwa moja. Timu nyingine zinapewa nafasi ya kumchukua, na zisipomtaka, wewe unaendelea kumlipa akiwa kwake nyumbani. Ndiyo maana kila Aprili, katika karibu kila klabu, kijana anayerusha vizuri anarudishwa chini na mzee anayerusha vibaya anabaki. Anayeshuka hupoteza pia fedha nyingi, kwa sababu kima cha chini cha ligi kuu mwaka huu wa 2025 ni dola 760,000 kwa msimu, na hulipwa kwa kuhesabu siku ulizokaa juu.

Sasa nimgeukie Mama wa Rockville. Hoja ya Rochester ingekuwa na uzito kama Crews angekuwa anashindwa kwa jambo ambalo ligi ndogo inaweza kumfundisha. Kule juu anarushiwa mipira inayokatika kwa kasi ambayo Rochester haipo, na alikwisha kupita huko mwaka jana kabla ya kupandishwa tarehe 26 Agosti. Tarehe hiyo, nawakumbusha, haikuwa ya bahati. Klabu ilimpandisha kwa kuchelewa kiasi cha kutosha abaki katika hesabu ya wachezaji wapya mwaka 2025, kwa sababu mchezaji mpya mwenye sifa zake akicheza mwaka mzima juu na akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora, klabu yake hupewa nafasi ya ziada katika drafti. Waliipanga hesabu hiyo wenyewe. Wakimshusha Mei, watakuwa wameitupa kwa mkono wao, na kijana hatajifunza kitu. Mpeni mipira. Anakimbia vizuri, anadaka vizuri, na timu haigombanii ubingwa kiasi kwamba mapigo yake machache yatatuumiza.

Kuhusu House nakuunga mkono kwa nusu. Mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172, na mchezaji anahitaji miaka sita ili awe huru kwenda anakotaka. Akipandishwa baada ya majuma machache ya msimu, klabu inapata naye karibu msimu mmoja wa ziada mwishoni. Ni hesabu baridi, na mimi siipendi, lakini klabu zote zinaifanya, hata zile zenye wamiliki matajiri kuliko familia ya Lerner inayomiliki Nationals. Natarajia kumwona kabla ya katikati ya kiangazi. Hadi hapo, kona ya tatu itazibwa hivyo hivyo.

Ninachokipinga ni kuwashikilia warushaji wa akiba kwa sababu tu wameshalipwa. Fedha zimekwisha kutoka. Hizi ni mechi kama ishirini na kitu kati ya 162, na kwa mpigaji huo ni muda mfupi mno kumhukumu, lakini mrushaji mkongwe ambaye kasi yake imepungua na hawezi tena kuupitisha mpira juu ya sahani ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, haponywi na Juni. Kule Rochester wapo vijana wanaoweza kurusha vibaya kwa gharama ndogo zaidi, na mmoja au wawili kati yao huenda wakarusha vizuri. Kila mechi ambayo Gore anaiacha akiongoza na wengine wakaipoteza inamchosha Finnegan pia, kwa kuwa Martinez anaanza kumwita mapema kuliko inavyofaa, na Finnegan ndiye atakayekuwa na bei mwezi Julai, klabu zinapobadilishana wachezaji.

Kuhusu Soto, ambaye mwanangu wa Hyattsville atalisikia jina lake kila siku kazini: alikataa dola milioni 440 za Nationals mwaka 2022, na Desemba iliyopita New York Mets wakampa milioni 765. Usiingie katika ubishi huo kabla ya kuzoeana na watu.

*

Jibu, kutoka kamati ya burudani, Laurel, 28 Aprili 2025

Wapendwa,

Ahsanteni. Kwa kuwa hakuna aliyetegemea timu ishinde, kamati imeona hakuna haja ya kusubiri, na bei ya kikundi iliyopo sasa ni nafuu. Tutachukua viti vya jua la mchana, siku ya Jumapili, upande ambao watoto watamwona Wood kwa karibu. Mnaotoka Silver Spring badilisheni treni Fort Totten mshike laini ya kijani hadi Navy Yard. Wa Hyattsville hamna haja ya kubadilisha. Mabegi makubwa hayaruhusiwi kuingia uwanjani, isipokuwa ya watoto wachanga na ya dawa, kwa hiyo yaacheni nyumbani. Majina na idadi ya viti nivipate kabla ya Ijumaa, na atakayetaka kuondoka zamu ya saba aniambie mapema ili nimpe kiti cha pembeni.