Kikosi bora cha Kenya cha kriketi ya siku moja: nani anaingia, na Odumbe tumweke wapi?

Wadau, swali lenyewe ni hili. Chukua kila aliyewahi kuichezea Kenya mechi rasmi ya kimataifa ya siku moja, kuanzia ile ya Cuttack dhidi ya India mwezi Februari 1996 hadi tulipopoteza hadhi hiyo mwanzoni mwa 2014. Panga kumi na mmoja. Mimi naweka wangu hapa na sababu zake, na kuna jina moja ambalo najua litatugawa, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Kwanza kipimo. Wengi hukimbilia wastani wa mikimbio (alama anazopata mpigaji) na idadi ya wiketi (wapigaji ambao mrushaji amewatoa). Kwa Kenya hesabu hiyo inapotosha. Vijana wa 1996 hadi 2003 walipata mechi chache, na nyingi kati ya hizo zilikuwa dhidi ya mataifa yanayocheza Test, ile kriketi ya siku tano ya daraja la juu kabisa. Waliokuja baada ya 2006 walikutana mara kwa mara na Bermuda, Kanada, Uholanzi na Scotland. Mtu aliyepiga hamsini mbele ya Courtney Walsh, mrushaji hatari wa West Indies, na aliyepiga hamsini mbele ya mrushaji wa Bermuda wote wanaandikiwa hamsini. Kwa hiyo mimi nauliza: siku ilipokuwa nzito na mpinzani akiwa mkubwa, huyu alifanya nini?

Kikosi changu kwa mpangilio wa kupiga: Ravindu Shah, Kennedy Otieno (mlinda wiketi), Steve Tikolo (nahodha), Maurice Odumbe, Hitesh Modi, Collins Obuya, Thomas Odoyo, Martin Suji, Peter Ongondo, Aasif Karim, Rajab Ali.

Tikolo na Odoyo sidhani kama kuna wa kubishana nami. Tikolo alicheza Kombe la Dunia mara tano, 1996 hadi 2011, akapita mikimbio 3,000. Kule Kandy mwaka 1996 Sri Lanka walitupiga mikimbio 398, rekodi ya dunia wakati huo, na yeye akasimama akajibu kwa 96. Nusu fainali ya 2003 pale Durban, wenzake wakiondoka mmoja mmoja, akapata 56. Odoyo naye alichukua wiketi zaidi ya 140 na bado alikuwa akipiga. Mia yake dhidi ya Kanada, 111 bila kutolewa, ilikuja 2007, miaka kumi na moja tangu aanze.

Kufungua, yaani nafasi ya wapigaji wawili wa kwanza, ndiko kwenye ubishi wa halali. Dipak Chudasama ana mia yake ya Oktoba 1997 pale Nairobi Gymkhana dhidi ya Bangladesh: yeye 122, Kennedy Otieno 144, wawili hao wakaunganisha mikimbio 225 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka, na Kenya ikafika 347. Siku kubwa. Lakini Ravindu Shah nilimchagua kwa sababu ya Gwalior, Mei 1998, alipopata 70 dhidi ya India ugenini na Kenya ikashinda kwa mikimbio 69. Bangladesh ya 1997 ilikuwa bado haijapewa hadhi ya Test. Ukiniambia Chudasama, sitakasirika, ila nitakuuliza umemweka kwa mechi ngapi.

Kennedy Otieno hana mpinzani kwangu. Alipiga 85 dhidi ya Australia mwaka 1996, na akapata 60 siku Sri Lanka walipokuja Nairobi 2003. Tariq Iqbal atakumbukwa daima kwa kumdaka Brian Lara, nyota wa West Indies, kule Pune 1996, na nampenda kwa hilo, lakini kudaka mara moja, hata kama aliyedakwa ni Lara, hakumtoi Otieno.

Hitesh Modi ni wa wale ambao takwimu hazimtendei haki. Mkono wa kushoto, namba tano au sita, anaingia timu ikiwa imevurugika na anatuliza. Kwenye ukurasa wa matokeo anaonekana na ishirini na kitu. Kwenye mechi ndiye aliyefanya ova hamsini (kila ova ni mipira sita) zikafika. Wengine mnamkumbuka kwa jambo jingine: mwaka 2006, Nairobi, dhidi ya Bangladesh, mwamuzi aliyenyanyua kidole na kumtoa alikuwa baba yake mzazi, Subhash Modi.

Sasa warushaji wa spini, wale wa mpira wa polepole unaojizungusha. Kuna wanaosema huwezi kuwa na Karim, Obuya na Odumbe pamoja, na Tikolo naye anarusha. Nasema unaweza, kwa sababu kila mara Kenya ilipoangusha mkubwa, spini ilikuwa katikati ya kazi hiyo. Hatukuwa na watu wa kurusha kilomita 145 kwa saa. Tulikuwa na watu wa kumnyima mtu mikimbio mpaka akakosa subira.

Aasif Karim dhidi ya Australia, Durban, tarehe 15 Machi 2003. Nawaomba muitazame tena orodha ile. Mtu wa Mombasa, umri miaka 39, alikuwa ameshastaafu baada ya Kombe la Dunia la 1999 akaombwa arudi. Kenya walikuwa wamepata 174 tu, na Brett Lee alikuwa ametuchukulia wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Australia wakaja kwa kasi ya kutaka kumaliza mapema waende hotelini. Walikuwa 109 kwa wiketi mbili, yaani wapigaji wawili tu wametoka. Karim akapewa mpira. Ponting, nahodha wao, akatolewa kwa mguu kuziba wiketi. Lehmann akadakwa na mlinda wiketi. Brad Hogg akampigia Karim mwenyewe mpira mikononi. Ghafla ni 117 kwa wiketi tano. Alimaliza na ova nane na mipira miwili, ova sita kati ya hizo bila hata mkimbio mmoja, mikimbio saba, wiketi tatu. Australia walishinda mechi, naam, wakibakiwa na wiketi tano. Lakini tuzo ya mchezaji bora wa siku ilikwenda kwa Karim, na timu ile ya Ponting ilimaliza mashindano bila kufungwa na yeyote. Hakuna Mkenya aliyewahi kurusha vizuri hivyo mbele ya timu nzuri kiasi kile.

Collins Obuya anaingia kwa maisha mawili. La kwanza ni la 2003, wiketi tano huku akiruhusu mikimbio 24 tu dhidi ya Sri Lanka pale Gymkhana, Aravinda de Silva na Mahela Jayawardene wakiwa miongoni mwa walioondoka. La pili ni la 2011, Bangalore, ambapo spini yake ilikuwa imefifia na yeye amejigeuza mpigaji: 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Alikosa mia kwa mikimbio miwili, ova zikaisha. Mtu aliyeijeruhi timu kubwa kwa kazi mbili tofauti, miaka minane kati yake, simwachi benchi.

Na sasa Odumbe.

Nimesoma michango ya mwanzo, na hoja dhidi yake ni moja, ina uzito, na naieleza kama ilivyo. Mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa kuwa na uhusiano na mtu wa kamari na kupokea fedha kutoka kwake. Mwenyewe alikana. Mchangiaji mmoja ameandika kwamba kikosi bora cha wakati wote ni heshima, na heshima haipewi mtu aliyeutia mchezo doa wakati nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatamba. Mwingine akaongeza kwamba kriketi ya Kenya ilianza kuporomoka hapo hapo, wafadhili wakaondoka, na yeye ana sehemu katika hilo.

Nawaelewa, na kuumia kwenu nakujua maana na mimi niliumia. Lakini sikubali, kwa sababu tatu ambazo ziko wazi kichwani mwangu.

Adhabu ilikuwa na mwisho. Waliomhukumu walisikiliza ushahidi ambao sisi hatukuusikiliza, wakapima, wakasema miaka mitano. Hawakusema maisha. Akaitumikia, akarudi uwanjani 2009 akiwa na miaka arobaini, na mwaka 2018 Kenya yenyewe ikampa kazi ya ukocha wa timu ya taifa. Sisi tunaopanga majina hapa tumepata wapi mamlaka ya kuongeza hukumu?

Halafu jaribu kusimulia ushindi wetu bila yeye. Pune, tarehe 29 Februari 1996: West Indies ya Richie Richardson, Lara, Ambrose na Walsh inatolewa yote ikiwa na mikimbio 93, ikifukuzia 167. Nahodha wa Kenya ni Odumbe, ova kumi, mikimbio 15, wiketi tatu, mchezaji bora wa siku. Gwalior 1998: Odumbe 83, kisha wiketi tatu. Johannesburg 2003 dhidi ya Bangladesh, mechi tuliyolazimika kushinda: Odumbe 52 bila kutolewa na wiketi nne. Hizo ni mechi tatu katika nchi mbili, ndani ya miaka saba. Kwa kipimo nilichokiweka mwanzo, cha siku nzito, yeye ni wa kwanza au wa pili katika historia yetu. Nikimtoa, kipimo changu hakina maana tena, na ninyi mtakuwa na haki ya kuniuliza nini kingine nimekipindisha.

Na kuhusu kuporomoka, nakataa kabisa kumtwika mtu mmoja. Wachezaji waligoma kwa sababu ya malipo. Uongozi uligombana hadi chama cha zamani kikavunjwa na kingine kikaundwa. Mechi dhidi ya mataifa makubwa zilikauka mara tu baada ya nusu fainali ya 2003, wakati ambapo ndipo zilihitajika zaidi. Hayo yote yangetokea hata kama Odumbe asingewahi kuzaliwa.

Nilichomnyima ni unahodha, na hapo ndipo mimi nimesimama. Kuchaguliwa ni suala la uwezo. Kuongoza ni suala la kuaminiwa na wenzako kumi, na hilo nimempa Tikolo, aliyewaongoza vijana 2003 hadi Durban.

Kuna mmoja ameandika kwamba hata hiyo 2003 tulibebwa, kwa kuwa New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama tukapewa pointi za bure. Pointi za New Zealand tulipewa, kweli. Sri Lanka je? Tuliwafunga kwa mikimbio 53, uwanjani. Bangladesh tuliwafunga. Kanada tuliwafunga. Zimbabwe tuliwatoa wote wakiwa na mikimbio 133 kule Bloemfontein, Martin Suji akichukua wiketi tatu kwa mikimbio 19, na tukashinda kwa wiketi saba. Hakuna aliyemshikia Suji mkono. Ndiyo maana yumo kwenye kumi na mmoja wangu ingawa Tony, ndugu yake, na wengine kadhaa wanatajwa zaidi kwa kupiga.

Kwa aliyependekeza tufungue mlango kwa wale wa timu ya Afrika Mashariki ya Kombe la Dunia la 1975, akina Harilal Shah, Frasat Ali na Jawahir Shah: wale walicheza mechi tatu, na timu ilikuwa ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wanastahili uzi wao, na John Nagenda wa Uganda atajadiliwa humo. Hapa tunapanga Kenya.

Na kwa waliolalamika kwamba kizazi cha baadaye nimekisahau: Tanmay Mishra alipiga 72 siku ile ile ya Obuya kule Bangalore, na yeye ndiye mchezaji wangu wa kumi na mbili. Alex Obanda na Seren Waters walikuwa na mikono mizuri. Lakini mwaka 2011 tulifungwa mechi zote sita, na siwezi kujifanya sikuziona.

Nafasi ambayo sijaridhika nayo ni ya kumi na moja. Rajab Ali nimemweka kwa Pune: alimtoa Richardson, akamtoa Lara akiwa na 8, akamaliza na wiketi tatu kwa 17. Joseph Angara anabisha hodi kwa Port Elizabeth, Oktoba 2001, wiketi tatu kwa 30 dhidi ya India tuliyoifunga kwa mikimbio 70. Angara alikuwa na kasi kidogo zaidi na alidumu hadi Kombe la Dunia la 2003. Rajab alikuwa na siku ile moja ambayo dunia nzima iligeuka kututazama. Kura yangu ni kwa Rajab, ila inatikisika. Anayemtaka Angara alete mechi nyingine ya kumwongezea nguvu, nami nitabadilisha jina leo leo.