Naomba ushauri: juisi ya moto ya matufaha yenye viungo

Habari wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua hii kitu. Matufaha nachanganya matamu na yale ya kijani makali, nayakata na maganda yake nachemsha kwa moto mdogo kama masaa 2 mpaka yalainike kabisa, naponda alafu nachuja na kitambaa. Hapo sawa. Shida ni viungo, mdalasini natumia vijiti maana wa unga unaleta utelezi, ila karafuu ikikaa sana inameza kila kitu na ulimi unakufa ganzi. Sasa je karafuu niweke dakika 20 za mwisho au tangu mwanzo ila punje chache? Na ganda la chungwa mnalitoa saa ngapi lisilete uchungu? Natanguliza shukrani