Tufunge maduka ya kubeti, au tubane dau?

Ndugu zangu wa Tanga, juzi barazani hapa Ngamiani mzee wetu mmoja alitoa hoja kwamba maduka yote ya kubeti yafungwe kwa sheria, kwa kuwa kamari ni haramu na imewamaliza vijana. Juu ya dini sina la kubishana naye. Juu ya sheria naomba nitofautiane naye.

Waingereza walikwisha kuipita njia hiyo. Sheria yao ya mwaka 1906 ilikataza kupokea dau mitaani, ilhali mwenye uwezo aliyekwenda mwenyewe kwenye uwanja wa mbio za farasi hakuguswa. Wanyonge hawakuacha, waliendelea vichochoroni, kupitia matarishi waliobeba vikaratasi na sarafu huku wakiwakwepa polisi. Maduka yaliporuhusiwa mwezi Mei 1961, yaliwekewa sharti ambalo naliona la busara kubwa, kwamba duka lisimvutie mpita njia wala lisimpe raha ya kukaa, na hata televisheni haikuruhusiwa ndani hadi mwaka 1986.

Sisi tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, tunayo Bodi inayotoa leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Hayo ni mema. Lakini wiki iliyopita nilikaa dukani nusu saa nikitazama farasi wa kompyuta wakikimbia kwenye skrini, mbio mpya kila baada ya dakika chache. Kijana wa bodaboda, helmeti kwapani, aliweka shilingi 1,000 ikaliwa, akaweka nyingine ikaliwa, na mara ya nne alikuwa akizitenga noti kwa kidole, hela ya mafuta huku, hesabu ya tajiri wake kule. (Hapo nilishindwa kuendelea kutazama.) Farasi wa kweli huchoka na uwanja hufungwa, mtu akarudi kwake, hawa wa skrini hawana magharibi, na kwa hiyo sioni haki ya kuwawekea kanuni moja na mkeka wa kubashiri mechi za mpira wa Jumamosi.

Wapo watakaosema mtu mzima ana hiari yake. Ni kweli, ila Uingereza hiyohiyo, mwezi Aprili 2019, ilishusha dau la juu kwenye mashine za kasi za madukani kutoka pauni 100 hadi pauni 2, wala hakuna aliyenyimwa kucheza.

Naomba basi tuidai Bodi mambo mawili: kikomo cha dau kwa mbio za kompyuta, na muda wa kutosha kati ya mbio moja na nyingine, dukani na kwenye simu vilevile. Maana tukifunga duka tukaiacha simu, kijana yule atacheza usiku kitandani, pasipo hata jirani wa kumwambia inatosha. Mzee wangu, masharti hayo yakishikwa kweli, bado utataka kufuli?