Wenye uzito mkubwa sana na mliouguza watu wa hivyo, njooni tupeane uzoefu

Kibonge_wa_Mbagala: Wakuu habari za saa hizi. Nimetoka kliniki nina hasira ndo maana naanzisha hii mada. Nesi kanipima presha kwa ule mkanda wa kawaida, mkono wangu hautoshi akaulazimisha hivyohivyo, ikasoma 190 juu, wakaanza kuhaha wananiandikia vidonge. Nikawaambia tafuteni mkanda mkubwa wakacheka. Nikagoma kutoka pale mpaka daktari mmoja kijana akauchimbua sijui kabati gani, ikasoma 148. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, wanene mlishike hilo. Sasa niko kilo 140 na kitu, magoti yamekwisha, sukari inaninyemelea. Nani kakatwa tumbo, nani kawekewa puto la tumboni, nani alipungua kwa mazoezi tu na uzito haukurudi? Msinitukane.

Ngosha_Halisi: Punguza kula mkuu, mbona rahisi

Kibonge_wa_Mbagala: Nilijua tu

Binti_Tanga: Na shingo nyeusi jamani!! Watu wanajua sijaoga, nasugua na dodoki mpaka natoka damu, kumbe ni dalili mwili umeanza kushindwa na sukari. Fangasi za chini ya matiti ndo hata siongelei

Mama_Kulwa: Hapo kwenye kupima umenikumbusha mbali. Mume wangu dereva wa semi, anapiga njia ya Tunduma, kilo 160. Usiku anakoroma mpaka wapangaji wenzetu wanagonga ukuta, halafu ghafla kimyaaa, hapumui, namwangalia nasema leo ndo basi, mara anakurupuka kama katolewa kwenye maji anavuta pumzi, anakoroma tena. Usiku mzima hivyo. Asubuhi kichwa kinamgonga, mchana anasinzia hata kijiko kikiwa mdomoni. Mama mkwe akasema mwanangu anakabwa, kuna mtu hapendi ile gari. Tumezunguka maombi, tumechinja mbuzi mweupe kwao, hela zimekwenda na kukabwa kuko palepale. Siku moja anashuka mlima Kitonga na mzigo akalala macho yako wazi, utingo anasema aliona gari inaenda kwenye korongo akamzaba kofi na kushika usukani, walisimama tairi la mbele linachungulia bonde. Utingo alishuka na begi lake hapohapo hajarudi mpaka leo. Ndo tukaenda hospitali kubwa, daktari hata hakuuliza mengi, akasema mama mrekodi kwenye simu akilala uniletee. Akasikiliza, akampima shingo kwa futi ya fundi cherehani, akamlaza usiku na nyaya za vipimo. Oksijeni ilikuwa inashuka vibaya. Shingo imejaa mafuta, akilala koo linaziba, ubongo unamuamsha apumue, kwa hiyo hajawahi kulala miaka yote hiyo. Kapewa mashine ya kupuliza hewa ya kuvaa puani. Usiku wa kwanza nilimtingisha nikidhani amekufa, kumbe amelala.

Ngosha_Halisi: Aisee. Kitonga ile ile ninayoijua mimi?

Mzee_Pwani: Kukabwa kupo msidanganye watu. Mimi kilo 60 na nakabwa

Nesi_Mstaafu: Hata wembamba koo linaziba baba yangu, kapime

Mzee_Pwani: Nikapime jini?

Binti_Tanga: Mbuzi alimla nani 😂

Mama_Kulwa: Mganga na mama mkwe. Mimi nilipewa utumbo

Kibonge_wa_Mbagala: Jamani nimeuliza puto

Dada_Tegeta: Puto nimewekewa mimi. Wanakuingizia kwa mdomo, wanalijaza maji yenye rangi ya bluu, likipasuka utajua ukikojoa. Siku za mwanzo nilitapika mpaka nikaomba walitoe. Likatulia, nikawa nashiba kwa vijiko vya uji. Miezi sita likatolewa, na njaa ikarudi siku hiyohiyo kama ilikuwa inanisubiri getini. Kilo nyingi zilikwenda, nusu zimerudi. Sio lazima India, hospitali ya Mloganzila hapa Dar wanaweka.

Kaka_Mkubwa: Dada yangu yeye alikatwa, India. Wanaondoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula na ile sehemu inayotengeneza homoni ya njaa. Sukari ilishuka hata kabla mwili haujapungua, sindano za insulini akaacha kwa amri ya daktari. Ila nywele zilidondoka na akaacha vitamini kwa ubishi, akaishiwa B12, miguu ikawa inawaka moto. Vidonge ni vya maisha. Na mawe ya nyongo yakamfuata, ukipungua haraka ndo yanajijenga.

Ngosha_Halisi: Kwa hiyo unatoa ugonjwa huku unaingiza huku. Bora kukimbia

Dada_Tegeta: Kilo 140 akimbie na magoti gani? We umewahi kubeba mfuko wa saruji ukapanda nao ngazi? Yeye anabeba zaidi ya huo hata akienda chooni. Aanze mazoezi ya kwenye maji, au baiskeli ya kukaa.

Ngosha_Halisi: Ugali hauingii mdomoni wenyewe dada

Dada_Tegeta: Na wewe ujinga haukukuingia wenyewe, kuna mtu alikufundisha

Chai_Asili: Nina chai ya mitishamba inakata kilo 10 kwa mwezi haina madhara, njoo inboksi

Nesi_Mstaafu: Nyingi ya hizo wanachanganya dawa za kuharisha, zingine zimekutwa na sibutramine, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Mtu mwenye presha asiziguse. Hata hizo sindano za kila wiki za kupunguza uzito zinafanya kazi kweli, ila feki zimejaa, WHO walitoa tahadhari 2024, nunua kwa cheti cha daktari na famasi unayoijua. Na ukiacha, uzito unarudi.

Chai_Asili: Wivu wa biashara

Kibonge_wa_Mbagala: Mama Kulwa samahani, hata mimi mke wangu kahamia chumba cha watoto kwa kukoroma. Hiyo mashine umeme ukikatika inakuwaje?

Mama_Kulwa: Inazima, barakoa ina vitundu hakosi hewa, anaamka tu. Tulifunga betri ya sola. Kwenye gari analala nayo kwa betri ya gari. Mwambie mkeo arekodi leo.

Mzee_Pwani: Na mimi nirekodi?

Nesi_Mstaafu: Rekodi baba.