Kroshia: kitambaa kinafanya mawimbi, na wanaojifunza wanaacha njiani

MfumajiPasua:
Habari zenu wafumaji. Naomba msaada wa mambo mawili, yote ya kikundi chetu cha Jumamosi hapa Moshi.

Tunafuma kitambaa cha mviringo cha meza, uzi wa pamba namba 20, sindano ya milimita 1.25. Katikati ni nguzo tupu (ule mshono mrefu uliosimama) mizunguko 8, halafu yanaanza mananasi (mapambo ya umbo la nanasi), yapo 12. Mzunguko wa kwanza una nguzo 12. Mpaka wa 6 kinalala vizuri, kuanzia wa 7 pembeni kunajipinda kama jani la sukuma wiki. Cha mwenzangu, mfumo uleule, kinainuka kama bakuli. Tumepiga pasi, kikipoa kinarudi vilevile.

La pili: wanaojifunza wanakuja wiki tatu, ya nne huwaoni. Na mifumo yote mizuri wanaijua akina mama wawili tu, ipo kichwani. Hao wakiacha kuja, ndiyo imekwenda. Tufanyeje?

Kroshia_Njiro:
Dada, pasi iweke pembeni, hapo tatizo ni hesabu. Nguzo ya kuzungusha uzi mara moja ina urefu unaokaribia mara mbili ya upana wake. Kila ukiongeza mzunguko, kitambaa kinatanuka kwa urefu wa nguzo moja kutoka katikati, na ukingo wake unarefuka mara 6.28 ya urefu huo. Ukipima kwa upana wa nguzo, hiyo ni 12 na kidogo. Ndiyo maana kila mzunguko unaongeza nguzo 12 (kuongeza ni kuchoma nguzo mbili kwenye tundu moja), zisizidi wala zisipungue: 12, 24, 36, 48, 60, 72, 84, 96. Nguzo fupi, ile isiyozungushwa uzi, inaongezwa 6 tu kwa sababu urefu na upana wake unakaribiana.

Mawimbi ni nguzo zimezidi. Bakuli ni zimepungua, au mkono unakaza. Kwa hiyo hesabu kwanza, mkono uje baadaye.

Zinakopotelea mara nyingi ni pale unapounganisha mzunguko. Cheni 3 za kupandia (vile vitanzi vya kuanzia mzunguko) ndizo nguzo yako ya kwanza. Ukizisahau ukachoma nguzo nyingine palepale zilipoota, umezidisha moja kila mzunguko. Na ukifika mwisho wa mzunguko unaofuata usichome juu ya hizo cheni 3, umepunguza moja. Funga kipande cha uzi mwekundu kwenye cheni ya 3 kabla hujaendelea. Huo uzi ndio utakaokuonyesha pa kuchomea ukifika mwisho wa mzunguko.

Hesabu ikiwa sawa na bado bakuli lipo, mwenzako anakaza. Abadilishe sindano, achukue ya 1.5, uzi ubaki uleule. Asije akaongezea uzi namba 10 katikati ya kazi: kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo uzi unavyokuwa mnene, na kitambaa chenye unene wa aina mbili hakilali hata ufanye nini.

MamaWanga:
Hapo juu pamesemwa kweli tupu. Ila hata kitambaa kilichohesabiwa vizuri hakionyeshi uzuri wake mpaka kitiwe wanga na kutandazwa kwa pini. Lesi ni matundu, na matundu yasipovutwa ni makunyanzi tu.

Koroga vijiko vikubwa 2 vya wanga wa mahindi au wa muhogo kwenye robo kikombe ya maji baridi. Chemsha vikombe 2 vya maji, mimina mchanganyiko wako taratibu huku unakoroga, uache utokote mpaka ule weupe upotee ubaki kama kioo. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto unapata madonge, na donge likiingia kwenye tundu linakaukia humo kama ukoko wa ugali. Wanga ukiwa vuguvugu, chovya kitambaa kilichofuliwa na ambacho bado kina unyevu, kisha kikandamize ndani ya taulo. Usikisokote.

Chora duara kwenye karatasi, ligawe mara 12 kama uso wa saa, funika kwa nailoni, weka juu ya kipande cha godoro la sponji. Pini ya kwanza katikati, zinazofuata kwenye namba 12, 6, 3 na 9, ndipo ujaze zilizobaki, kila moja ikifuatwa na ya upande wa pili. Ukizunguka kwa mpangilio kuanzia 1 mpaka 12, kitambaa chote kitavutwa upande mmoja. Pini ziwe zisizoshika kutu, maana doa la kutu kwenye uzi mweupe ni kazi kubwa kulitoa. Kanga usitandike chini yake, rangi inaweza kuhamia. Masika haya, Machi hadi Mei, anzeni asubuhi: wanga ukichelewa kukauka unaota ukungu. Na wale wanaotumia maji ya sukari waache, yanaita sisimizi.

SindanoMbili:
Nijibu la pili, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Wiki ya nne wanakimbia kitambaa cha meza. Kazi ya miezi, uzi namba 20, na mwanafunzi haoni hata tundu la kuchomea! Mpe uzi mnene rangi ya krimu (mweusi kamwe, hauonyeshi nguzo) na sindano ya 3.5. Kazi ya kwanza iwe kitambaa cha kuwekea kikombe, mizunguko 4, aende nacho nyumbani kabla ya Jumamosi ya pili kwisha. Kinachofuata ni ukingo wa leso. Meza ije mwisho. Anayetumia mkono wa kushoto mkalishe uso kwa uso na wewe, akufuate kama anajitazama kwenye kioo. Ukimkalisha ubavuni utamchanganya.

Mifumo itoeni kichwani sasa hivi, hao akina mama wakiwa wapo. Alama zinajulikana dunia nzima: yai dogo ni cheni, msalaba ni nguzo fupi, herufi T yenye mstari uliokatiza ni nguzo. Duara lote halina haja ya kuchorwa, choreni nanasi moja tu na muandike linarudiwa mara ngapi. Kisha fumeni sampuli ya nanasi hilo, mshonee kwenye manila, chini yake muandike namba ya uzi, sindano, nguzo ngapi ndani ya sentimita 10, na jina la mama aliyeutoa.

Kule Idrija, Slovenia, wana shule ya lesi tangu 1876, na mwaka 2018 UNESCO ikaiweka lesi ya Slovenia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Lesi yao ni ya kusuka nyuzi zilizozungushwa kwenye vijiti, juu ya mto, na mfumo umechorwa kwenye karatasi iliyo chini ya kazi. Yaani mfumo uko kwenye karatasi tangu siku ya kwanza. Hata mwalimu akifariki, mwanafunzi anaichukua karatasi anaendelea.

MfumajiPasua:
Ahsanteni sana. Nimehesabu. Wa 6 una 72, wa 7 una 96! Nilikuwa nafuma 2 ndipo naongeza, badala ya 5 ndipo naongeza. Cha mwenzangu mzunguko wa 8 una 90, anairuka ile cheni ya 3. Anauliza kama anaweza kuziba pengo hilo kwenye mananasi.

Kroshia_Njiro:
Hapana dada, afumue. Mananasi 12 ya nguzo 8 kila moja yanataka 96 kamili. Kwa 90 atapata 11, zibaki nguzo 2 zisizo na kazi. Wewe fumua mpaka ubakiwe na mizunguko 6. Uzi uliofumuliwa una mikunjo, uzungushie mgongo wa kiti, uloweshe, ukauke ukiwa umenyooka ndipo uufumie tena, la sivyo nguzo za wa 7 zitatoka fupi kuliko za wa 6. Na mzunguko wa 8 ni kufuma 6 ndipo unaongeza.